Barabara Mbili za Jina Moja

Jioni hii napenda kuwasimulia habari za barabara moja ya Dar es Salaam, ambayo sisi watoto wa Njombe tulizisikia sifa zake kabla hatujaiona. Baba yangu, aliyekuwa mwalimu kabla yangu, alipanda basi Makambako mwaka 1972, akaenda Dar es Salaam, akanunua saa ya mkono katika duka la Mhindi huko Independence Avenue. Tangu siku ile, mgeni aliyeuliza saa nyumbani kwetu alielezwa kwanza habari za taa za barabara ile, na vioo vya maduka, na wauzaji waliovaa tai. Mwaka jana saa ikasimama. Baba aliifunga katika kitambaa pamoja na stakabadhi yake, akaniambia, "Mwanangu, mpelekee yule yule aliyeniuzia. Mwingine asiifungue."

Nikashuka kutoka Njombe hata Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi. Makambako ni mji ulioletwa na njia. Hapo ndipo njia ya Songea inapokutana na njia kuu iendayo Mbeya na Zambia. Na reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, ikapita papo hapo. Njombe ndiyo makao ya mkoa tangu mwaka 2012, walakini mfanyabiashara hushuka Makambako. Sisi wa Njombe hatupendi kukiri jambo hili.

Sasa sikilizeni upumbavu wangu. Nilipofika Dar es Salaam nilimwambia kijana mwenye pikipiki anipeleke Independence. Hakupajua. Nami, kwa kuwa nimezoea kuwafasiria wanafunzi maneno, nikalifasiri jina: "Uhuru."

"Aa, Uhuru! Panda, kaka."

Akanishusha mahali penye msongamano wa watu, mikokoteni, ndoo na majora ya vitambaa. Nikamwamkia mzee aliyeketi barazani, nikamwonyesha ile stakabadhi. Alicheka hata akakohoa. "Mwanangu, hapa ni Uhuru Street, zamani Kichwele. Independence ni kule mjini, nayo siku hizi huitwa Samora."

Kosa langu lilinifundisha jambo ambalo Baba hakunisimulia. Zamani za ukoloni mji ule uligawanywa: Wazungu upande wa bahari, Wahindi katikati, Waafrika huku Kariakoo na Ilala, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi ili uwatenge. Ulipokuja Uhuru mwaka 1961, barabara kubwa ya upande wa kule ikaitwa uhuru kwa Kiingereza, na ya upande wa huku ikaitwa uhuru kwa Kiswahili.

Nikauvuka uwanja ule kwa miguu hata Mnara wa Saa, uliojengwa mwaka 1961 Dar es Salaam ilipopewa cheo cha jiji. Hapo ndipo Samora inapoanzia. Wajerumani waliiita Unter den Akazien, yaani Chini ya Migunga. Waingereza wakaiita Acacia Avenue. Kisha ikawa Independence, na mwisho ikapewa jina la Samora Machel wa Msumbiji, ambaye chama chake cha FRELIMO kiliundwa katika mji huu mwaka 1962.

Katikati yake imesimama sanamu ya Askari, tangu mwaka 1927. Mahali pale pale Wajerumani walikuwa wameweka sanamu ya gavana wao Wissmann mwaka 1909. Waingereza wakaiondoa, na hatimaye ikasimamishwa Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Huyu Askari wa shaba amebaki. Nilisimama kitambo mbele yake, kwa sababu maandishi yaliyo chini yake yanawataja wapagazi pia, nao wazee wa kwetu walibeba mizigo katika vita ile. Watu walinipita wakitazama simu zao.

Nilitafuta nambari ya duka mara mbili, kwenda na kurudi. Mahali pake pamesimama jumba refu la ofisi, na mlinzi wake hakupata kusikia habari za duka la saa. Mwezi wa Aprili 1971 sheria ilitwaa majumba ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na mengi yalikuwa ya Wahindi. Wengi wao wakahama nchi. Yamkini Baba aliponunua saa yake, yule Mhindi alikuwa tayari mpangaji katika jumba lake mwenyewe, na Baba hakujua, akatazama tai tu. Baadaye ikaja miaka ya uhaba, maduka yakawa na rafu tupu. Na tangu mwaka 2016 wizara zilianza kuhamia Dodoma, zikaondoka na makarani waliokuwa wakinunua hapo. Sisemi kwamba Samora imekufa. Mabenki yapo na magari yamejaa. Lakini mwenye duka wa Makambako akienda kuchukua mali haendi Samora. Huenda Kariakoo, kama waendavyo wafanyabiashara wa Zambia na Kongo.

Nikarudi Uhuru Street kwa aibu kidogo. Yule mzee akanionyesha fundi mwenye kijisanduku cha kioo barazani. Nilisitasita kumpa, maana nilikuwa nimekatazwa. Kisha nikampa. Akaifungua, akapuliza, akasafisha mafuta yaliyoganda, akatoza shilingi 15,000. Saa ikalia.

Nilipofika nyumbani Baba aliuliza kwanza, "Yupo?"

"Hayupo, Baba. Na duka halipo."

"Nani basi aliyeifungua?"

Nikamweleza yote: Uhuru Street, baraza, kijisanduku. Aliitia sikioni akanyamaza muda mrefu. Kisha akaitia ufunguo, akaniuliza sasa ni saa ngapi, apate kuipatanisha.