Mapigo ya Moyo wa Mtoto Wakati wa Uchungu: Namna ya Kuyasikiliza na Kuyahukumu

Wakunga wenzangu mliokuja Kabanga kutoka zahanati na vituo vya Kasulu na Kibondo, maadamu hapana miongoni mwetu asiyejua kuwa moyo wa mtoto aliye tumboni hupiga mara 110 hadi 160 kwa dakika, sitaikariri hesabu hiyo. Nitauliza tu isikilizwe wakati gani, kwani hapo ndipo hukumu zetu aghalabu zinapopotoka.

Mkazo wa mji wa mimba ukifikia kilele, damu iendayo kwenye kondo hupungua mno, na mtoto hubaki akitumia akiba aliyo nayo. Mwenye akiba hustahimili, lakini aliyedhoofika, moyo wake huanza kushuka mkazo ukiwa umekwisha kushika, hufika chini kabisa tumbo lianzapo kulegea, kisha hurejea taratibu mama akiwa tayari amepata nafuu. Basi mkunga angojaye utulivu ndipo aweke fetoskopu, akahesabu 136 na kuitia katika patografu, huenda amefika dalili imekwisha kupita: hesabu yake ni sahihi, na hukumu yake ni batili. Imempasa aanze mkazo ungalipo, asikilize dakika nzima, na aendelee walau nusu dakika baada ya tumbo kulegea. Chombo akishikilie kwa sikio peke yake, ili mkono mmoja uwe juu ya tumbo na wa pili kwenye kiwiko cha mkono wa mama, ukipima mshipa wake, asije akaandika mapigo ya mama kwa jina la mtoto. Kosa hili ni la kawaida hata kile kipimo cha Dopla kiitwacho Moyo, kilichojaribiwa Haydom na Muhimbili, kikaundwa kupima na mapigo ya mama pia.

Moyo ushukao na kupanda sawia na mkazo, mara nyingi ni kichwa kinachobanwa. Ushukao ghafla, leo hivi kesho vile, shukuni kiungamwana. Ukizidi 160, mpimeni mama homa na malaria kabla ya kumtuhumu mtoto.

Najua wako watakaosema dawa ni mashine ichoreayo mapigo mfululizo. Huko Dublin, katika jaribio lililochapishwa mwaka 1985, lenye wazazi wapatao 13,000, watoto wa upande wa mashine walipata degedege kwa uchache zaidi, ila vifo havikupungua. Na tusisahau kwamba hata wale waliosikilizwa kwa sikio walikuwa na mkunga wa karibu, neema ambayo leba zetu hazina. Kwa hiyo mfano ulio karibu nasi zaidi, kwa maoni yangu, ni wa Hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, ambako tangu mwaka 2015 wahudumu walipewa mwongozo mfupi unaoingia mfukoni, pamoja na mafunzo ya mara kwa mara, na watoto wanaozaliwa wafu wakapungua kutoka 59 hadi 39 kwa kila uzazi 1,000.

Lililobaki ni umbali. Mapigo yenye shaka hayastahili hukumu moja kila mahali: penye thieta ng'ambo ya ukumbi, mkunga aweza kumlaza mama ubavu wa kushoto, akafunga dripu ya oksitosini na kusikiliza tena mikazo miwili mitatu, bali katika zahanati, ambako masika hugeuza barabara kuwa tope, shaka hiyohiyo yatosha kuita gari, na kusikiliza tena kufanyike huku gari likingojewa. Wala barua ya rufaa isiishie kwenye maneno "mapigo si mazuri". Iandikwe saa, hesabu wakati wa mkazo na baada yake, mapigo ya mama, rangi ya maji, na kama dripu imefungwa. Kisha yasomwe hayo kwa simu, ili thieta itayarishwe mama angali njiani.