Sumu, kifuta jasho na boma: maneno ya Katibu kwenye kikao cha tawi, Ilomba



Wengi mmeomba mpate kwa maandishi yale yaliyosomwa kwenye kikao cha Jumapili, hasa mlio safarini na mlioshindwa kufika kwa sababu ya mvua. Tunayatuma kama yalivyosomwa. Tafadhali soma hadi mwisho kabla ya kujibu.

Wazee wetu, mama zetu, vijana. Jambo hili halikuwa kwenye ajenda. Limeingia kwa sababu ya ujumbe uliowekwa kwenye kundi letu baada ya mwenzetu kupoteza mitamba wawili kule Usangu. Simba waliingia bomani usiku. Pole zilitolewa nyingi, na hilo ni jema. Kisha mmoja wetu akaandika kwamba dawa yake ni rahisi: mzoga unyunyiziwe sumu ya wadudu, uachwe palepale, asubuhi tuhesabu simba. Wanachama kadhaa wakaweka dole gumba. Uongozi wa tawi umekaa, umejadili, na tumeona hatuwezi kunyamaza.

Wapo watakaouliza simba wanatuhusu nini watu wa mjini. Ilomba ni kata ya Jiji, ukisimama barabarani unaona malori ya Tunduma, huoni simba. Ni kweli. Lakini tunajuana humu ndani. Wangapi kati yetu wana ng'ombe Mbarali kwa mjomba, kwa shemeji, kwa kijana wa kuajiriwa? Wengi wetu hatuna benki nyingine. Ada ya sekondari inatoka kule, mahari inatoka kule, na kiwanja cha kujenga huku kimetoka kule. Mtamba akiliwa Usangu, mtoto anarudishwa nyumbani shule ya hapa.

Tuanze na sumu, maana ndiyo yenye haraka. Sumu haichagui. Mwezi Februari 2018, kandokando ya Hifadhi ya Ruaha upande wa Iringa, simba sita walikutwa wamekufa kwa sumu, na pamoja nao tumbusi zaidi ya 70. Mbwa wa mfugaji anakula mzoga uleule. Mtoto wa jirani anaweza kuokota nyama. Zaidi ya hayo ni kosa la jinai: Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, ambayo ndiyo inayotupa haki ya kudai kifuta jasho, ndiyo hiyohiyo inayokataza kuua mnyamapori kwa sumu. Kwa hiyo anayetega sumu anaweza kuipoteza mifugo, akapoteza dai lake na yeye mwenyewe akalala mahabusu. Aliyeandika ujumbe ule tumeongea naye, ameufuta, na tunaomba asisimangwe. Aliandika kwa uchungu.

Uchungu wenyewe una sababu. Kanuni za 2011 hazisemi fidia. Zinasema kifuta jasho kwa mazao na mifugo, na kifuta machozi kwa mtu aliyejeruhiwa au kuuawa. Maneno hayo hayakuchaguliwa kwa bahati mbaya. Fidia ina maana ya kurudisha thamani ya kilichopotea. Kifuta jasho ni pole inayotolewa na Serikali. Kanuni zile ziliweka shilingi 1,000,000 kwa uhai wa mtu. Kwa mazao ziliweka kati ya 25,000 na 100,000 kwa ekari, kutegemea shamba liko umbali gani na mpaka wa hifadhi, na mwisho ni ekari tano. Kwa ng'ombe kiwango kilihesabiwa kwa makumi ya elfu. Mtu yeyote aliyewahi kusimama mnadani anajua makumi ya elfu yananunua nini. Wabunge wamelalamika miaka mingi kuhusu viwango hivi na Serikali imekuwa ikieleza kuwa inavipitia. Kwa hiyo ukienda kudai, muulize afisa wanyamapori wa wilaya kiwango kinachotumika siku hiyo, usitegemee cha kuambiwa kijiweni.

Sasa hesabu, na mtuvumilie, ndiyo kazi tuliyosomea. Namba hizi ni za mfano tu, kila mtu aweke zake. Mtamba mmoja 600,000, wawili ni 1,200,000. Boma imara la nguzo na wavu wa waya, pamoja na fundi, tuseme 1,500,000. Likikaa miaka 10, uchakavu wake ni 150,000 kwa mwaka. Kwa kundi la ng'ombe 30 ni 5,000 kwa kila ng'ombe kwa mwaka. Yaani usiku mmoja wa simba umekula gharama za boma za miaka minane. Kwa nini basi hatujengi? Kwa sababu 1,500,000 inatakiwa yote siku moja, na mfugaji hana. Hapo ndipo Serikali inapohitajika, kabla ya simba kufika.

Hili halijabuniwa Ilomba. Tangu 2009 kuna mradi wa wanyama wala nyama upande wa Iringa, kwenye vijiji vinavyopakana na Ruaha, ambao umekuwa ukiimarisha maboma kwa wavu na kuleta mbwa wa kulinda mifugo. Kule Simanjiro wafugaji wamejenga maboma ya wavu uliofungwa kwenye miti hai. Mti ukichomekwa unachipua, unakuwa nguzo isiyoliwa na mchwa. Mfugaji anachangia sehemu ya gharama na nguvu zake. Hizo ni fedha za mashirika, siyo za bajeti yetu. Shirika likiondoka, mradi unaondoka nalo.

Kwa wenzetu Marekani, ambako shida yao ni mbwamwitu, sheria ya 2009 iliweka fedha za serikali kuu kwa ajili ya wafugaji na ikasema jambo ambalo sisi tumelipenda sana: fedha zigawanywe sawa, nusu kwa kuzuia na nusu kwa kulipa hasara, na serikali kuu isibebe zaidi ya nusu ya gharama. Kenya walikwenda njia nyingine. Sheria yao ya 2013 iliahidi fidia kubwa, shilingi zao milioni 5 kwa kifo na thamani ya soko kwa mifugo. Ahadi nzuri, lakini madai yakarundikana hadi mabilioni na watu wakasubiri miaka. Wapo kati yetu wanaosema tudai tu viwango vya Kenya. Tunaheshimu wazo hilo, na sisi pia tunasema viwango vya 2011 ni vidogo mno. Ila ahadi kubwa isiyo na fungu la fedha nyuma yake ni karatasi tu.

Hapohapo Kenya, Mbirikani chini ya Kilimanjaro, mfuko wa jamii ulioanza 2003 unalipa sehemu ya bei ya mnyama, na unamlipa pungufu aliyeliwa kwa uzembe wa boma au wa uchungaji. Mwanzoni tulibishana kama hilo ni haki kwa maskini. Tumekubaliana ni haki pale tu ambapo maskini amesaidiwa kwanza kujenga boma.

Kwa hiyo azimio tunalopendekeza liende kata, wilaya na mkoa ni hili: Wizara ya Maliasili na Utalii itenge fungu la kuzuia, lionekane kwenye bajeti kwa jina lake, lisilopungua fungu la kifuta jasho, lianze na vijiji vinavyopakana na hifadhi Mbarali na Iringa, na mfugaji achangie nusu. Ruaha ilipanuliwa kwa Tangazo la Serikali Na. 28 la 2008 ikaingiza Usangu, ikawa hifadhi ya zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Mpaka umesogezwa na Serikali, basi gharama za kuishi mpakani zisibebwe na mfugaji peke yake. Mgogoro wenyewe wa mpaka ni mada nyingine, una kikao chake.

Wakati azimio linapanda, kuna kazi ya kwetu. Anayechungiwa ng'ombe Mbarali awe na daftari: idadi, rangi, alama, namba ya heleni kama ipo, na jina la anayechunga. Mnyama akiliwa, mzoga usiguswe. Piga picha za mzoga na nyayo, toa taarifa kwa mtendaji wa kijiji siku hiyohiyo, naye amwite afisa wanyamapori akague kabla mvua haijafuta alama. Baki na nakala ya kila fomu. Dai haliandikwi kwa ng'ombe aliyeliwa ndani ya hifadhi alikoingizwa kinyemela, na halitaandikwa kwa mbuzi aliyeng'atwa na mbwa wa mtaani hapa Ilomba, msitupigie simu kwa hilo.

Mwenzetu aliyepoteza mitamba amekubali tumsaidie kuandaa dai lake. Tumeanzisha mchango wa wavu wa boma la ndugu yake. Mweka hazina ana karatasi, na kila shilingi itasomwa hadharani. Azimio litapigiwa kura Jumamosi saa 10 jioni, ofisi ya tawi. Njooni na madaftari.

Katibu wa Tawi
Ilomba, Mbeya