Kabla ya Kuuza Shamba, Fika Ustawi wa Jamii

(Mada iliyowasilishwa na Afisa Habari wa Halmashauri katika kikao cha wenyeviti wa vijiji na vitongoji)



Ugonjwa haupigi hodi. Mtu hulala mzima, alfajiri ikamkuta wodini, na familia ikakabiliwa na gharama isiyo na fungu. Hapo ndipo shamba huuzwa kwa bei ya kutupa, au huchukuliwa ile mikopo iitwayo kausha damu. Mgonjwa akapona, kaya ikabaki na deni. Ninyi ndio mnaogongewa mlango usiku huo. Ombi langu ni moja: mwananchi aelekezwe kabla hajauza wala kukopa.

Kwanza, tufahamu haki zilizopo. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inatoa msamaha wa matibabu katika vituo vya umma kwa wajawazito, watoto walio chini ya miaka 5, na wazee wa miaka 60 na zaidi wasio na uwezo. Dawa za kifua kikuu na za kufubaza virusi vya UKIMWI hutolewa bila malipo. Mzee asiye na kitambulisho cha matibabu asisubiri kuugua. Jina lake lifikishwe mapema kwa Mtendaji wa Kijiji.

Pili, wapo wasio katika makundi hayo ambao hali imewaelemea: kibarua aliyevunjika mguu, au mjane aliyelazwa ghafla. Hao huombewa msamaha wa muda. Afisa Ustawi wa Jamii hutathmini uwezo wa kaya, kisha hupendekeza wasamehewe gharama yote, sehemu yake, au walipe kwa awamu. Wengi humwendea siku ya kuruhusiwa, deni likiwa limekwisha kukua. Aonwe siku ile ile ya kulazwa.

Hapa barua ya kijiji ina uzito. Barua isemayo tu kwamba mhusika ni mkazi wetu haimsaidii Afisa. Ieleze jina kamili, kazi yake, idadi ya wanaomtegemea, na kilichompata. Nayo iwe ya kweli: anayemwombea msamaha ndugu mwenye ng'ombe arobaini anapunguza dawa za asiye na hata kuku.

Tatu, tusiwapeleke watu mlango usio wao. Mikopo ya asilimia 10 ya Halmashauri ni mtaji wa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Si fedha ya matibabu. Walio katika VICOBA waulizie mfuko wa jamii wa kikundi, maana uliwekwa kwa ajili ya ugonjwa na msiba. Aliyelemewa na ankara ya maji afike ofisi husika kuomba kulipa kidogo kidogo, kabla huduma haijakatwa.

Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023. Tuhimize kaya zijiunge na bima msimu wa mavuno, fedha ikiwa mkononi.

Mwisho, msamaha hauuzwi. Malipo halali ya hospitali hufanywa kwa kumbukumbu namba na hutolewa stakabadhi. Anayedai chochote pembeni aripotiwe.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Mficha ufukara naye humaliza shamba. Tuwafundishe watu wetu kusema mapema.