Maegesho ya Magari Kando ya Vituo vya Mabasi vya Pembezoni mwa Mji

(Maneno ya Mkaguzi wa Ushirika mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo nimelikuta katika mihtasari ya vyama vitatu ninavyovikagua. Vyama hivyo vina viwanja kando ya Barabara ya Morogoro, na vyataka kujenga maegesho ili wakazi wa Mbezi, Kibamba na Kiluvya waache magari yao asubuhi, wapande basi kwenda mjini. Wazo lenyewe si baya, wala sikuja kulizima.

Mabasi ya mwendo wa haraka yalianza kazi Mei 2016, kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco, njia ya kilomita 21 hivi. Mwaka 2021 Stendi ya Magufuli ikafunguliwa Mbezi Luis kuchukua nafasi ya ile ya Ubungo. Huko Nairobi nako, kituo cha reli cha Syokimau kilipofunguliwa Novemba 2012 kiliwekewa uwanja wa magari ya abiria. Basi wanachama hawakuota ndoto. Walichokosa ni hesabu.

Gari dogo lahitaji nafasi ya meta 2.5 kwa 5. Lakini gari haliruki kama panzi. Lataka njia ya kuingilia na ya kugeuzia. Ukijumlisha hayo, kila gari lachukua meta za mraba 25 hivi. Ekari moja ina meta za mraba 4,047, yaani magari 160. Toa lango, mfereji wa maji ya mvua, choo, kibanda cha mlinzi na njia ya waendao kwa miguu. Utabaki na nafasi 120. Nalo basi lile refu lenye kiungo katikati hubeba abiria 140 hivi. Ekari nzima ya mali ya wanachama, ikiwa kila gari limeleta mtu mmoja, haijazi basi moja! Katibu aliyecheka naomba aliandike hilo.

Chama kimoja, ambacho sitakitaja, kiliandika magari 160, siku 30, shilingi 1,000 kwa gari, kikapata 4,800,000 kwa mwezi. Kwa tarakimu hiyo bodi ikataka mkopo wa kurejeshwa kwa shilingi 3,000,000 kila mwezi. Mimi nikauliza: Jumamosi na Jumapili ni nani aendaye ofisini? Tukahesabu upya magari 120 kwa siku 22, tukapata 2,640,000, nayo ni pale uwanja ujaapo kila siku. Mishahara ya walinzi wa mchana na wa usiku haijatolewa, wala taa. Upungufu waanza mwezi wa kwanza. Mama mmoja mwanachama akasimama akauliza, "Je, Januari nikija kuchukua akiba yangu ya ada ya watoto, nitaambiwa imemwagwa katika zege?" Hakuna mjumbe wa bodi aliyemjibu.

Ushauri wangu ni kwamba tuanze na sehemu ya kiwanja, kwa kokoto iliyoshindiliwa na mfereji mzuri, bila mkopo. Tena tusiwasahau walio wengi. Abiria wa kituo cha pembezoni huja kwa miguu, kwa bodaboda na kwa bajaji. Mwenye gari ni mmoja miongoni mwa wengi. Mahali pa gari moja hukaa baiskeli nane au zaidi. Banda la kivuli, mahali pakavu pa kushukia, na taa ya kumwangazia mama arudiye saa tatu usiku, hayo ndiyo yatakayowaleta watu kila siku, hata wale wasiolipia maegesho.

Kabla ya hayo yote, mipaka. Mwaka 2017 nyumba nyingi kati ya Kimara na Kiluvya zilivunjwa kwa kuwa zilihesabiwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara. Chama kisichimbe hata shimo la nguzo kabla ya kupata kwa maandishi kauli ya Wakala wa Barabara na ya manispaa. Neno la mdomo la ofisa, hata awe jamaa yetu, halikaguliki.

Na mkopo ukihitajika baadaye, usivuke ukomo wa madeni uliopitishwa na mkutano mkuu na kuidhinishwa na Mrajis. Nimeona bodi zikitia saini kwanza, kisha zikiitisha mkutano. Huko ni kuwaita wanachama kwenye matanga.

Mkutano mkuu wa chama nilichokisema haujafanyika. Nimewaomba vijana wawili wa chama hicho wakae karibu na kituo wiki mbili, tangu saa kumi na moja alfajiri, wahesabu magari yaachwayo kando ya njia na kuwauliza wenyewe wangekubali kulipa kiasi gani. Daftari litasomwa mbele ya wanachama wote kabla ya kura, na yule mama ameahidi kuketi mstari wa mbele.