Kutoka Umeneja hadi Uongozi: Nani Anaamua Usipokuwepo?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya wakuu wa idara na vitengo

Utangulizi



Wengi wetu humu ukumbini tulikabidhiwa idara kwa sababu tulikuwa hodari wa kazi. Mhasibu aliyefunga hesabu mapema kuliko wenzake amekuwa mhasibu mkuu. Muuguzi aliyeijua wodi yake kitanda kwa kitanda amekuwa muuguzi mfawidhi. Utaratibu huo ni wa haki, lakini una hatari ambayo Laurence Peter na Raymond Hull waliiandikia kitabu mwaka 1969. Walisema mtu huendelea kupandishwa cheo kwa sifa ya kazi aliyoimudu, hadi anafika penye kazi asiyoimudu, na hapo hukwama.

Hoja yangu ni kwamba meneja huanza kuwa kiongozi pale anapoachia maamuzi ambayo walio chini yake wanaweza kuyafanya, ili ashike yale ambayo hakuna mwingine anayeyashika. Jambo hilo halingoji barua ya uteuzi.

1. Kazi mbili, zote za lazima

Mwaka 1990 John Kotter wa Chuo Kikuu cha Harvard alizitofautisha kazi hizi kwa namna inayotusaidia hadi leo. Umeneja hupanga, huweka bajeti, hugawa majukumu na kufuatilia utekelezaji, ili shughuli nyingi ziende bila kugongana. Uongozi huonyesha mwelekeo, huwafanya watu waukubali na huwapa moyo wa kuufuata, hasa mambo yanapobadilika.

Kotter alisema taasisi inazihitaji zote mbili, nami naomba tulishike hilo. Mshahara usipotoka kwa wakati, au dawa zikiisha stoo kwa sababu hakuna aliyeagiza, hotuba nzuri haitamsaidia mtu. Anayetaka kuongoza ahakikishe kwanza idara yake inaendeshwa vizuri, kisha ajiulize kama uendeshaji huo ni lazima upite mikononi mwake.

2. Funzo kutoka Equity

Equity ilianza nchini Kenya mwaka 1984 ikiwa taasisi ya mikopo ya nyumba. Kufikia mwaka 1993 ilikuwa imefilisika kivitendo, na zaidi ya nusu ya mikopo yake ilikuwa hailipwi. Mwaka huohuo James Mwangi, mhasibu kwa taaluma, alijiunga nayo kusimamia fedha.

Mhasibu katika hali ile angeweza kuishia kwenye kubana matumizi na kudai madeni. Kazi hiyo ilihitajika, lakini isingetosha, kwa kuwa biashara yenyewe ilikuwa imelenga mahali pasipofaa. Taasisi iligeukia watu wa kipato kidogo ambao mabenki makubwa hayakuwataka: wakulima wadogo, wachuuzi, wafanyakazi wa mishahara midogo. Mwaka 2004 ikawa benki kamili, Mwangi akawa mtendaji mkuu, na mwaka 2006 hisa za benki hiyo zikaingia Soko la Hisa la Nairobi.

Angalieni miaka hiyo. Kati ya kuajiriwa na kushika cheo cha juu kabisa ilipita miaka kumi na moja. Swali la nani awe mteja wa taasisi lilijibiwa mapema ndani ya miaka hiyo. Na jibu lake lisingefanya kazi kama kila mkopo mdogo ungesubiri saini ya makao makuu. Biashara ya wateja wengi wadogo humtegemea ofisa anayemjua mteja wake na kuaminiwa kuamua.

3. Funzo la mwaka 1962

Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Wiki chache baadaye, Januari 1962, Mwalimu Julius Nyerere alijiuzulu uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa. Yeye alikwenda kukijenga upya chama chake cha TANU na kukaa karibu na wananchi. Desemba mwaka huo alirudi akiwa Rais wa Jamhuri.

Si kila mtu anaweza kufanya hivyo, wala sishauri mkuu wa idara aache ofisi. Nalitaja tukio hili kwa sababu mambo mawili yalikwenda pamoja. Nyerere aliona kazi ambayo ofisi ya waziri mkuu haikumpa nafasi ya kuifanya, na alikuwa na mtu wa kumkabidhi serikali. Bila Kawawa, kazi ya kuijenga upya TANU ingebaki nia tu.

4. Kukasimu kwa vitendo

Katika ofisi zetu jibu moja limezoeleka: “Bosi yuko safarini, subirini arudi.” Kila jalada linalosubiri hivyo lina mwananchi au mteja nyuma yake. Napendekeza tuanze hivi.

Kwa wiki moja, andika kila uamuzi ulioletwa mezani kwako. Tenga ule unaokuhusu kisheria, kwa mfano idhini za fedha na manunuzi ambazo kanuni zimekupa wewe. Katika unaobaki, chagua mmoja unaojirudia, umpe ofisa anayekaribia kuumudu.

Mwekee mipaka kwa maandishi: aamue hadi kiasi gani, amshauri nani, na akupe taarifa lini. Watangazie wafanyakazi wote, la sivyo wataendelea kukupigia simu wewe.

Akikosea ndani ya mipaka hiyo, zungumza naye faraghani na umwachie jukumu. Hapa ndipo mameneja wengi hushindwa: hunyang'anya kazi baada ya kosa la kwanza, na idara nzima hujifunza kwamba ni salama zaidi kungoja. Mbele ya wakubwa, kosa hilo libebe wewe. Madaraka hukasimiwa, uwajibikaji hubaki kwako.

Muda utakaoupata usiujaze vikao. Nenda kaunta ukasikilize wateja, kaa na idara jirani mnayolaumiana nayo, soma takwimu za miaka mitano badala ya za mwezi huu.

5. Maswali ya majadiliano

1. Ni kazi gani katika idara yako husimama ukiugua kwa wiki mbili?
2. Nani anaweza kukukaimu leo, na hajui nini bado?
3. Ni tatizo gani la taasisi unaloliona, lakini huna muda wa kulishughulikia?

Hitimisho

Ndugu washiriki, wafanyakazi walio chini yetu nao wana haki ya kukua, na hawatakua kwa kutekeleza maagizo pekee. Kwa hiyo naomba kabla hatujaachana kila mmoja aandike uamuzi mmoja atakaoukasimu, jina la atakayeupokea, mipaka yake na tarehe ya kuanza. Jumatatu ofisa huyo awe wa kwanza kuiona karatasi hiyo.