Trekta Bila Fundi: Hotuba ya Katibu wa Chama Kikuu



Wenzetu waliotutangulia kusema wamekwisha kueleza habari za mpunga uliouzwa, maghala yaliyojengwa na madeni yaliyolipwa katika miaka hii kumi, nasi hatuna haja ya kuyarudia. Sisi wa ofisini twaomba ruhusa kusema juu ya jambo moja lisilopendeza sana siku ya sherehe, nalo ni upungufu wa mafundi wa mitambo ya kilimo. Twalisema leo kwa kuwa Mkutano Mkuu u karibu, na humo wanachama mtaulizwa kama ziada ya mwaka huu inunue trekta la tatu au ifanye kazi nyingine.

Kila mmoja wetu ajua jinsi mambo yalivyo katika bonde hili la Usangu. Mvua zikishika, kila mtu ataka majaruba yake yavurugwe kwa wakati mmoja, na mche uliokwisha kukomaa kitaluni haungoji. Pawatila likisimama wiki mbili mwezi wa Januari, mwenye shamba hakupoteza wiki mbili. Huenda amepoteza mwaka.

Na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo. Injini ya pawatila ni ya dizeli, yenye silinda moja, na katika aina nyingi maji ya kuipoza huchemka na kupungua, hata sharti yaongezwe mara kwa mara. Hewa hupita katika chujio lenye oili. Oili hiyo ikigeuka tope, vumbi huingia ndani na kuzila ringi na silinda. Mwanzo ni moshi tu. Kisha nguvu hupungua, dereva huzidisha mafuta, na mwisho injini hukataa kuwaka. Kazi ambayo ingekwisha kwa kitambaa na kikombe cha oili imekuwa kazi ya kushusha injini nzima.

Vijana watengenezao pikipiki wako katika kila njia panda, nao ni hodari, hatuwadharau. Lakini pikipiki huwaka kwa plagi, na dizeli huwaka kwa joto la hewa iliyogandamizwa, huku nozeli ikirusha mafuta kwa kipimo. Tumepata kuona nozeli iliyosafishwa kwa msumari. Tangu siku hiyo haikurusha mafuta, iliyamwaga.

Jambo hili si geni katika nchi yetu. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa karanga huko Kongwa, na baadaye Urambo na Nachingwea. Matrekta mengi yalikuwa masalio ya jeshi baada ya Vita Vikuu vya Pili, ya namna nyingi, na spea zake zilikuwa adimu. Madereva walifundishwa kwa haraka, na mafundi hawakutosha. Hatusemi kwamba ufundi peke yake ndio ulioangusha mpango ule. Mvua ilikuwa haba, na udongo wa Kongwa ulivila vyuma. Hata hivyo mashine zililala kwa wingi, na mpango ulipoachwa mwaka 1951 hasara ilikuwa kama pauni milioni 36. Vivyo hivyo, baada ya Kilimo Kwanza kutangazwa mwaka 2009, pawatila zilipelekwa katika wilaya nyingi, na si chache zilizoishia kusimama chini ya miti, kuku wakizitagia.

Hapa kwetu palikuwa na bahati ambayo hatukuitambua. Mashamba ya NAFCO ya Mbarali na Kapunga yalikuwa na mitambo yao na watu wa kuitengeneza, na mafundi wetu wazee walipata mikono yao huko. Mashamba hayo yaliuzwa kwa watu binafsi mwaka 2006. Wazee wale wamechoka macho, wengine wametangulia mbele ya haki, wala hawakuachiwa wanafunzi.

Mtauliza: je, vyuo vya VETA havitoi mafundi? Vyatoa. Lakini kijana akiisha kupata cheti chake huenda migodini au mjini, nasi hatumlaumu, maana kijijini twampa kazi ya miezi mitatu, kisha twamwambia angoje mvua nyingine. Hakuna mtu alaye kwa miezi mitatu. Hapo ndipo penye shida yenyewe, kwa maoni yetu.

Na hapo ndipo ushirika una nguvu ambayo mkulima mmoja hana. Baada ya kulima, mashine za kupura zaingia kazini. Baada ya kupura, zipo za kukoboa. Kiangazi zipo pampu za wenye bustani. Nyingi katika hizo ni injini za dizeli, ndugu wa pawatila. Zikiwekwa pamoja chini ya karakana moja, fundi ana kazi mwaka mzima, na mshahara wake walipika.

Basi Kamati yapendekeza trekta la tatu lisinunuliwe mwaka huu. Fedha hizo zisomeshe vijana wawili, zinunue vifaa vyao vya kazi, na ziweke akiba ya spea zile zinazokufa mara kwa mara: nozeli, ringi, mikanda na machujio. Kadhalika, Chama kisinunue tena mashine za namna mbalimbali kwa sababu tu fulani kapunguza bei. Spea ya moja isiyoingia katika nyingine ni mzigo ghalani. Vijana hao watatia sahihi mkataba wa kutumikia Chama miaka mitano, na kila mmoja atafundisha wanagenzi.

Twajua wapo watakaosema kwamba trekta laonekana na fundi haonekani, na kwamba sherehe ya miaka kumi ilistahili trekta jipya lenye maua mbele. Hoja hiyo waje nayo Mkutanoni, tuijadili. Kwa sasa vyama vya msingi vyaombwa kuleta majina ya vijana, wa kike na wa kiume, waliomaliza Kidato cha Nne na wasioogopa kuchafua mikono. Fomu ziko ofisini kwetu.