Kitufe Kisicho na Jina

Mwaka 2009 kampuni ya Apple ilitia katika simu ya iPhone 3GS programu iitwayo VoiceOver, inayomsomea asiyeona yaliyomo kwenye skrini. Vitufe vya maandishi vinavyokuja na mfumo wa simu hujitambulisha vyenyewe. Lakini mtengenezaji wa programu anapochora kitufe chake mwenyewe, kwa umbo na rangi aipendayo, sauti hiyo huweza kukipita kimya kana kwamba hakipo. Hana budi kukipa jina, kueleza kazi yake na kutaja hali yake: kimewashwa au kimezimwa. Asipofanya hivyo, asiyeona atajaza kiasi cha fedha anachotuma, kisha akwame asiweze kuthibitisha. Mapambo ni ya macho. Jina ni la kila mtumiaji.